Takwimu za Kakao Zilizomwangusha Dada Yangu

Msinionee huruma. Mimi ni mjinga wa aina mbaya, mjinga mwenye diploma ukutani, na ujinga wangu haukuniumiza mimi kwanza. Ulianza na dada yangu.

Jina langu sitalitaja. Nakaa Butembo, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Mususa, na nilisomea uchumi hapa hapa mjini. Jirani zangu wananiita Économiste. Jamani, nililipenda jina hilo! Mtu akiniita hivyo sokoni, natembea taratibu ili na wengine wasikie.

Dada yangu, nimwite Masika, anakaa Mangina. Mama yetu alipofariki, ni yeye aliyenibeba mgongoni, akanilisha, akanisomesha kwa kakao ya shamba lake. Alikuwa prezida wa kina mama wa kanisa lao la Kiprotestanti, wengi wao wajane. Kiti kile hakikuwa na mshahara, lakini kilikuwa heshima yake yote.

Siku moja akanipigia simu, akaniita Leki, yaani mdogo wake, kama kawaida.

"Leki, ba mama banataka kujenga depo ya kakao, na masanduku ya kuchachusha na meza ya kukaushia. Ila hatujue tuiweke wapi. Bamoja banasema hapa Mangina, bengine banasema mbele kule. Weye uko na internet, utuangalilie."

Swali lilikuwa la maana sana. Kakao mbichi huchachuka vizuri ikiwa sanduku limejaa. Ikiwa nusu, haipati joto, inaota ukungu, na mnunuzi anaitupia macho tu na kupita. Kwa hiyo depo lazima iwe mahali penye mavuno mengi. Na huku kwetu watu wamekimbia na kurudi mara nyingi mno, mashamba yamebadilisha mikono, hata mwenyeji hawezi kuapa nani sasa analima nini katika kijiji cha pili. Mtu alipaswa kwenda kuangalia.

Kwenda? Mimi, Économiste, nipande pikipiki nikale vumbi la Mabalako, eneo lile la Mangina na vijiji vyake?

"Yaya, hapana kusumbuka na habari ya njiani," nikamwambia, maana kwetu Yaya ni dada mkubwa. "Leo kila kitu iko mu mutandao. Nipatie week-end moja tu."

Hata week-end haikuisha. Nilijilaza kitandani na simu, nikanunua mega za internet, nikaandika maneno machache kwa Kifaransa. Loo! Tovuti zikamiminika. Ya kwanza ilikuwa na ramani ya rangi. Ya pili ilikuwa na grafu zinazopanda kama ngazi. Ya tatu ilikuwa ya wazungu, au angalau ilikuwa na picha ya mzungu ameshika ganda la kakao na kutabasamu. Zote tatu zilitaja kijiji kimoja, mbele ya Mangina, kuwa ndicho chenye mavuno makubwa kuliko vyote upande ule. Na zote tatu zilikuwa na namba ile ile!

Mwalimu wetu wa takwimu alitufundisha kwamba vyanzo vikipatana, basi habari ni ya kuaminika. Nikajipongeza. Tena nilivyoiangalia ile namba nikahisi kama naifahamu, kama imekaa mahali pake sawasawa. Nikadhani hiyo ndiyo dalili ya ukweli. Mpumbavu!

Nikashuka Mangina nimevaa koti. Nikasimama mbele ya kina mama kanisani, nikawaonyesha grafu kwenye simu, wakapokezana simu ile kwa mikono miwili kama watu wanaopokea mkate wa meza ya Bwana. Mama mmoja akauliza: "Donc ni kweli? Kuko mutu alifika kule akahesabu?"

Nikacheka. Ndiyo, nilimcheka mama wa watu. "Mama, hii iko data. Data haibishanaki."

Dada yangu akawaambia: "Leki yangu alisoma. Tujenge kule."

Wakajenga. Kina mama walibeba mbao kwa ngoyi, ule mkanda wa kuvutia mzigo kwa kipaji cha uso, wakifuata njia ya matope huku wengine wana watoto tumboni. Mabati yalipandishwa, masanduku yakachongwa, mchungaji akaomba. Mimi nilikuwa Butembo nikiweka picha kwenye status: "Le développement par les données," yaani maendeleo kwa njia ya takwimu. Sioni aibu kuliandika hapa kwa sababu aibu imekwisha yote.

Msimu ukafika. Kina mama wakapeleka kakao yao mbichi kule mbele, wakisubiri wenyeji walete ya kwao ili masanduku yajae. Wenyeji wakaja kweli, wakasalimia, wakasifu mabati. Kakao hawakuwa nayo! Kijiji kile ni cha mpunga na michikichi, na miti michache ya kakao nyuma ya nyumba. Masanduku yakabaki nusu. Kisha barabara ikafungwa kwa ajili ya usalama, kama kawaida yetu, na ile kakao ikakaa kule na unyevu wake. Walipoweza kuirudisha, ilikuwa imevaa ukungu mweupe. Mnunuzi kutoka Butembo alipasua punje chache kwa kisu, akainusa, akafuta kisu, akapanda pikipiki yake.

Msimu mzima wa wajane ukaishia pale. Wapo watoto ambao hawakurudi shule mwaka ule, na nawajua kwa sura.

Kanisa likaitisha kikao. Nilikwenda, maana nilijua wataniuliza. Na hapa ndipo kosa langu la kweli lilipo, kwa hiyo soma polepole.

Nilisimama nikatoa simu. Nikawaonyesha tena grafu zile zile! Nikasema takwimu hazina kosa, labda wenyeji wa kule wanaficha kakao yao na kuipitisha pengine. Yaani niliwasingizia watu wasionikosea, kanisani, ili jina langu libaki safi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kina mama wakageuka kumtazama dada yangu. Naye hakunyoosha kidole kwangu. Alisema tu: "Ni miye nilikubali. Hapana kumusumbua mutoto." Mutoto ni mimi, mwenye mvi! Wakamvua uprezida siku ile ile, wakampa mama mwingine. Dada akatoa ufunguo wa depo kwenye kitenge chake, akauweka mezani, akarudi kwenye benchi la nyuma. Mimi nikarudisha simu mfukoni.

Nilirudi Butembo na hasira. Si hasira ya kujilaumu, la! Nilitaka kuthibitisha kwamba mimi niko sahihi na Mabalako nzima imekosea. Nikaanza kufanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni, kutafuta ile namba ilitoka wapi.

Tovuti ya wazungu ilisema imeitoa kwenye tovuti ya ramani. Tovuti ya ramani ilisema imeitoa kwenye ile yenye grafu. Ile yenye grafu ikasema "utafiti wa uwanjani", na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, ikataja ripoti ya mshauri mmoja. Nikaitafuta ripoti. Kurasa nyingi, picha za mshauri amevaa buti safi mno kwa mtu aliyetembelea mashamba. Mwishoni kulikuwa na orodha ya alikonakili.

Humo nikakuta TFC moja, kazi ya kumaliza masomo ya mwanafunzi wa Butembo. Nikasoma jina la mwanafunzi. Lilikuwa langu.

Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu akauliza nani amekufa.

Nikuambie jinsi TFC ile ilivyoandikwa. Nilitakiwa kufika vijiji vya Mabalako, niulize wakulima mmoja mmoja. Nilifika Beni, mji wa njiani, basi. Nikala samaki kwa rafiki, nikasikia barabara si nzuri, nikarudi Mususa. Kisha nikafunga mlango na kuwagawia vijiji kakao kama mtu anayewagawia watoto peremende. Hiki kidogo, hiki kiasi. Kile kijiji cha mbele nilikipa nyingi kuliko vyote. Unajua kwa nini? Kulikuwa na msichana wa kule niliyekuwa namfuata chuoni, na nilitaka asome TFC yangu afurahi! Hakuisoma. Aliolewa na mtu wa Beni mwenye lori.

Profesa aliyeniongoza alisaini. Alisifu majedwali yangu kwamba yamenyooka. Mtu akaipakia mtandaoni, mshauri akaokota, tovuti zikaokotana, na uongo wangu ukazunguka dunia ukarudi Mususa umevaa suti. Nami nikausimamia kwa heshima nikiuita data. Nani hukumbuka uongo wa uanafunzi? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, lakini ilinirudisha mlangoni kwangu.

Nikaziandikia zile tovuti zote. Nikasema namba ile si kweli, ondoeni, mimi ndiye niliyeitunga. Mbili hazikujibu mpaka leo. Ya tatu ilinijibu kwa adabu sana: takwimu yao imethibitishwa na vyanzo kadhaa, na kama nina pingamizi nilete chanzo kinachoaminika. Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi tu.

Utadhani siku hiyo hiyo nilimkimbilia dada. Wapi! Niliogopa. Msimu ukaja ukapita, naye alikuwa ameketi benchi la nyuma kwa kosa langu, na kila Jumapili nilijiambia wiki ijayo. Katika ile depo sasa wanalala mbuzi wa mtu.

Hatimaye nilikwenda kumwambia. Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Nikamweleza yote, TFC, msichana, tovuti. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza neno moja tu.

"Siku ya kikao, ulikuwa unajua?"

"Hapana, Yaya. Nilijua kisha."

"Kisha lini?"

Nikamwambia. Akaacha kupepeta. "Donc Pasaka yote ile, Noeli yote ile, ulikuwa unakula kwangu na unajua."

Alinichukua mkono kama zamani akiwa ananipeleka shule, tukaenda kwa kina mama, nikasema mbele yao. Hakuna aliyenitukana. Mama yule niliyemcheka alisema tu: "Tulikuulizaka kama kuko mutu alifika." Prezida mpya alibaki prezida. Walisema kiti si kikombe cha chai cha kupokezana. Dada akasema ni sawa, na pale nikatamani anipige.

Hakunipiga. Bado ananipikia, bado ananiombea. Lakini zamani alikuwa ananipigia simu kwa kila kitu, dawa ya mtoto, bei ya mabati, nani wa kumpa kura. Sasa hanipigii kwa lolote.

Ninyi mnaokaa vyumbani mnajaza maswali kwa niaba ya wakulima msiowaona, mnajijua! Ninyi washauri wa buti safi, na ninyi wa tovuti mnaonakiliana kama watoto kwenye mtihani, mnajijua pia. Msiniambie ni namba tu. Na wewe unayetafuta takwimu za huku kwetu mtandaoni, usihesabu tovuti ngapi zimekubaliana. Fuata ile namba mpaka mwisho, umkute mtu aliyekwenda, na kama humkuti, usijenge juu yake hata kibanda cha kuku.

Juzi mvua kubwa ilinyesha. Nilikuwa njiani kutoka Beni kwenda Mangina, nikakuta barabara imekatika, magari yamesimama, matope mpaka magotini. Nikampigia dada haraka nimwambie asipande gari la Beni.

"Yaya, barabara imekatika. Niko hapa mbele yake, naiona kwa macho."

 Kisha, kabla hajakata simu, nikamsikia anamwita jirani yake:

"Weye mama, eti barabara ya Beni imekatika. Ni kweli?"