Msalimie Baba Kabla Hujawasha Moto

Kwanza nilisikia viatu. Watu wa mlima wetu hapa Ilemela hupanda mawe kwa ndala. Hivi vilikuwa vya soli ngumu, vikigonga jiwe, vikisimama kupumua, vikigonga tena. Shangazi aliacha kupepeta mchele.

"Huyo ni wa ofisi," alininong'oneza. "Mwambie sipo."

Lakini geti lilikuwa wazi, kama siku zote mchana, na mgeni alishatuona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

Alikuwa mtu wa kujitolea katika shirika linalopeleka barua za familia zilizotenganishwa na vita. Binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi, alikuwa amevuka mpaka na lori la saruji miezi saba nyuma. Vita vilimkuta huko, na simu yake ikafa. Mara mbili watu walitupigia wakidai wamemwona. Mara zote mbili tulilizwa pesa. Kwa hiyo mgeni alipotoa karatasi iliyokunjwa, isiyo na bahasha, akisema imetoka kwa binamu kizuizini, shangazi hakuipokea.

"Barua gani hii iko uchi? Nani kaisoma?"

"Wanaomshikilia wameisoma, mama. Ndivyo zinavyopita. Sheria ya vita inawaruhusu kusoma, ila haiwaruhusu kumzuia asiwaandikie watu wa nyumbani kwake. Mwanao ni raia, si mpiganaji. Mwenzetu mmoja alikaa naye, wao wawili tu, bila askari kusikiliza, akaandika jina lake. Mtu aliyeandikwa si rahisi kumpoteza."

"Askari naye ana mkono wa kuandikia."

Shangazi alinisukumia karatasi. "Soma wewe, unayetunga hadithi za uongo mchana kutwa. Kama wametunga, utausikia."

Nilisoma. Mimi mzima. Nakula. Nalala. Mstari mmoja ulikuwa umefunikwa kwa wino mweusi. Nilizichukia sentensi zile; zilikuwa safi mno, kama sufuria lililosuguliwa na mtu anayeficha alichopika. Kisha nikafika mwisho: *Msalimie baba asubuhi, kabla hujawasha moto.*

"Nimewakamata!" nilisema. Nilikuwa na furaha mbaya. Baba yake binamu alikufa miaka minne iliyopita. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, kati ya miamba miwili, na binamu mwenyewe alishika koleo. "Aliyeandika hajui hata kwamba mzee hayupo."

Shangazi alikaa chini, ungo mapajani.

"Soma tena hapo."

Nilisoma tena.

"Kila akitaka kusafiri anaamka gizani, anachukua kikombe cha maji, anakwenda kule nyuma. Anamwaga, anamsalimia baba yake, ndiyo anaondoka. Mimi nipo dirishani, sijawasha moto. Hata wewe hujui." Alijifuta uso kwa kanga. "Kumbe alijua namwona."

Mgeni alitoa fomu ya majibu. Niliishika kalamu kwa pupa; nilisema nitachomeka swali la kijanja litakalotuambia yuko wapi.

"Dada, usifanye hivyo," alisema mgeni. "Wakishuku kitu, barua haifiki, na yeye ndiye ataulizwa."

Basi nikaandika alichosema shangazi, neno kwa neno: *Tumepata barua. Baba yako nimemsalimia, kabla ya moto.*

Mgeni aliisoma, maana lazima naye asome. Akaniangalia, akamwangalia shangazi.

"Mmesema mzee hayupo. Na huyu baba yuko wapi nimsalimie?"

Sasa ilikuwa zamu yake kutushuku.

"Wakidhani ni fumbo wataizuia, mama. Tuandike tu kwamba nyumbani wazima."

"Wazima kila mtu anaandika. Na yeye atajuaje kama ni mimi? Wewe ungeamini?"

Shangazi alimshika mgeni mkono kama mtoto, akamzungusha nyuma ya nyumba. Niliwafuata na kikombe cha maji. Mgeni alisimama mbele ya kaburi, viatu vyake vigumu vimenyamaza, akasoma tarehe kwenye saruji. Shangazi alimwaga maji, akamsalimia mumewe kwa Kisukuma, kabla hajawasha moto wa mchana, ili barua isiseme uongo.

"Ni habari ya nyumbani," mgeni alisema mwishowe. Alikunja karatasi, bila bahasha, akaitia mkobani.

Shangazi alimsindikiza hadi getini. Hakumuaga. Alitazama mkoba, si mtu, mpaka ulipovuka kizingiti. Kisha akalifunga geti nyuma yake, mchana ule mweupe, akasukuma komeo, asiingie mwingine na habari nyingine.