Amri Alizoziacha Joachim

Katika ukoo wa akina Tekla, nguo za marehemu hazigawiwi zikiwa na jasho lake. Dada ndiye huzifua, akakung'uta mifuko na kuzianika, na siku ya kumaliza msiba, wiki kadhaa baada ya mazishi, wazee huzigawa zikiwa safi. Wala si nguo tu. Jembe hutolewa udongo, sufuria husuguliwa masizi. Wazee husema mtu akiacha kazi yake ndani ya kitu, ataifuata mpaka kwa mrithi. Tekla ni Mlutheri, mwimba kwaya, na habari za wafu kufuata sufuria haziamini. Lakini baba na mama aliwafulia vivyo hivyo, na Joachim alipokufa hakuna aliyeuliza ni nani atakayefua.

Joachim alikuwa mdogo wake wa mwisho, utingo wa lori la saruji kati ya Iringa na Tunduma. Alikuwa mwembamba na mpole, mtu asiyebishana hata habari za mpira. Gemu lake alilinunua Mwanjelwa, Mbeya, kwa muuza mitumba: kidude cha kushika kwa mikono miwili, kioo katikati na vitufe pembeni, kona moja imepasuka na kuzibwa kwa gundi. Wenzake walidhani atakimbiza magari humo. Kumbe alikuwa anatawala nchi. Foleni ya mpakani ilipogoma kusogea, wengine wakicheza karata chini ya matrela, yeye alikaa kwenye kivuli cha tairi akigawa mbegu, akichimba mifereji, akituma wajumbe kwa wafalme jirani. Neno la Kiingereza likimshinda alimpigia Tekla simu. Dereva wake, Yotamu, alizoea kumwita, "Mfalme, jeshi lisubiri, ugali unapoa," naye alikuwa akijibu bila kuinua macho kwamba mfalme anayekula kabla ya watu wake hadumu.

Siku alizokuwa nyumbani, mtaa wa Mlandege mjini Iringa, alijilaza juu ya marobota ya nyuzi, dada akifuma masweta ya shule kwa mashine, akamweleza kwamba wengi hushindwa kwa kupenda vita mapema.

"Ghala kwanza, dada. Halafu barabara. Adui akija, akute watu wameshiba."

"Ungekuwa na akili hiyo kwenye mambo yako, ungekuwa umeshaoa."

"Humu ninaye malkia. Naye ananisema kama wewe."

Miji ya nchi hiyo aliipa majina ya njia yake. Mji mkuu ulikuwa Mlandege. Kutoka hapo barabara ilipita Mafinga, Makambako na Igawa mpaka mji wa mbali kuliko yote, alioupa jina la Mbeya.

Mbeya yenyewe ndiko alikofia. Alianza kukohoa Tunduma, akasema ni vumbi la saruji, na alipokubali kupelekwa hospitali nimonia ilikuwa imeshamshika kifua chote. Tekla alipanda basi kumfuata. Alikuwa Makambako simu ilipolia, akajua kabla hajaipokea.

Baada ya mazishi Yotamu alileta begi la marehemu. Alibisha hodi, akasalimu, kamwene, kwa sauti ya chini, akaliweka mlangoni kama mtu anayemlaza mtoto. Ndani mlikuwa na mashati, blanketi, Agano Jipya na gemu.

Gemu lilikuwa na mwenyewe tayari. Amos, mtoto wa shangazi yao, alikuwa ameliomba palepale kwenye matanga, na baba mkubwa Aroni alikubali. Amos alisema wasihangaike kulisafisha, atafuta yaliyomo na kuanza upya. Mzee akakataa. Kazi ya kuosha ni ya dada, alisema, na kitu kitatoka mikononi mwake kikiwa hakina la marehemu.

Hilo ndilo lililomshinda Tekla. Shati ni maji na sabuni. Lakini kuliosha gemu ni kuifuta nchi ya Joachim, na sauti yake hakuna aliyewahi kuirekodi. Kitu pekee kilichobaki na mawazo yake ndani kilikuwa hicho.

Alikiwasha uani siku ileile begi lilipoletwa, ndoo ya nguo ikiwa mbele yake. Nchi ikatokea, ya kijani, na Mlandege katikati. Akitafuta mahali pa kufutia, alibonyeza kitufe kinachomaliza mwaka mmoja wa gemu na kuanza mwingine. Wahamiaji waliokuwa wamesimama porini wakapiga hatua. Igawa wakamaliza daraja, wakaanza kinu. Hakuna aliyewatuma. Tekla alikiachia kikaangukia nguo mbichi, akalitaja jina la Bwana.

Yotamu, aliyekuwa bado ndani anakunywa chai, alitoka akamweleza. Joachim alikuwa na desturi ya kuwapa watu wake kazi za miaka mingi mbele, kisha yeye anabaki kubonyeza tu mwaka upite.

"Hizo ni amri zake, dada. Zitaendelea mpaka ziishe."

"Zikiisha?"

"Linasimama, linakuuliza wewe."

Tangu hapo, kila alipomaliza sweta alibonyeza mwaka. Aliona alichokuwa amekusudia mdogo wake: mfereji ukifika bondeni, wahamiaji wakivuka mto. Ukame ulipoingia, ghala la Mafinga lilikuwa limeshajaa, kwa amri iliyotolewa na mtu aliyekuwa bado mzima, na hakuna aliyekufa njaa. Tekla alilia siku hiyo kuliko siku ya kaburi. Alijua vilevile kwamba kila mwaka anaobonyeza unampunguza Joachim. Akijizuia, alihisi mtu amekaa nyuma yake juu ya marobota, akingoja kwa adabu. Kanisani, kwaya ikiimba habari za ufufuo, kidole gumba chake kilikuwa kinabonyeza jalada la kitabu cha nyimbo.

Miji ikaanza kusimama. Mmoja baada ya mwingine ulimaliza kazi ya mwisho ukauliza ufanye nini sasa. Tekla hakujibu. Angejibu, angekuwa amekaa kwenye kiti cha mdogo wake. Ikabaki amri moja: askari wa miguu barabarani, akitoka Mlandege kwenda Mbeya. Alimsindikiza kwa vidole akitaka kumwona akifika apumzike. Askari akafika, akageuka, akaanza kurudi. Akafika Mlandege, akageuka tena.

Alimpigia simu Yotamu, naye akamweleza. "Huyo yuko doria. Doria haina mwisho, dada. Ataenda na kurudi mpaka mtu amwambie asimame."

Mwanzoni Tekla alimshukuru Mungu. Kumbe kulikuwa na kitu cha Joachim kisichoisha. Masweta yakalala, mwenye oda akaja akaondoka amenuna, na yeye akabonyeza miaka ili tu amwone yule mtu akitembea. Lakini nchi isiyo na wa kuiamuru ilikuwa inakufa. Maghala yaliishiwa. Igawa ikabadilika rangi ya bendera, kisha Makambako. Askari alipita katikati ya mashamba yaliyoungua, akaenda, akarudi, bila kumjua aliyemtuma wala kuwa na habari kwamba hayupo tena. Tekla alijaribu kuomba na maneno hayakuja. Alichokuwa akikiona kwenye kioo ni mdogo wake, mgonjwa wa kifua, yuko njiani, na dada yake ndiye anayemnyima kufika.

Alasiri ya siku moja kabla ya kugawa, nguo zikiwa zimeanikwa tena kambani, alikaa kwenye kigoda uani. Askari alikuwa upande wa Mbeya. Angeweza kumsimamisha hukohuko. Alikataa. Alibonyeza taratibu, akamvusha Igawa chini ya bendera ya wageni, akampitisha Makambako, pale simu ilipolia, akampitisha Mafinga, mpaka akaingia Mlandege. Hapo akatafuta amri ya kulala. Ilikuwepo.

"Lala, mdogo wangu," alisema. "Bwana yupo. Mimi siwezi zaidi."

Akabonyeza mwaka mmoja zaidi ili ahakikishe. Maadui walisogea, mawingu yalisogea. Askari hakusogea. Ndipo alipokwenda mahali pa kufutia. Kioo kikamuuliza kama ana hakika, naye akajibu kwa mdomo kabla ya kujibu kwa kidole. Kisha akalowesha kitambaa, akafuta kioo, vitufe, na ile gundi ya kwenye kona iliyokuwa imeshika vumbi la saruji.

Kesho yake wazee walikaa sebuleni, nguo zimekunjwa juu ya mkeka. Baba mkubwa Aroni aliliinua gemu akamtazama Tekla.

"Umeosha?"

"Nimeosha, baba mkubwa. Amefika."

Mzee hakuuliza nani. Alimkabidhi Amos, naye Amos, kijana mwema asiyejua lolote, akaliwasha palepale na kuanza kuandika jina lake. Tekla alitoka nje akasimama kwenye kamba iliyobaki tupu. Ukuta wa nyumba ile ni mwembamba. Alisikia vitufe vikilia, tik, tik, vikinyamaza, vikilia tena, kama mtu anayefikiri, akabaki ameshika kamba kwa mikono miwili mpaka walipomwita kuja kufunga kwa sala.