Vibanio Kwenye Kola

Harufu ya mashuka yaliyofuliwa kwa sabuni ya unga, yakiwa bado yanadondosha maji, hunirudisha juu ya paa la ghorofa letu la zamani Kilimani. Lilikuwa paa la saruji, limezungukwa na ukuta uliomfika mtoto kifuani. Upande mmoja uliona magari yakisongamana Barabara ya Ngong kuelekea Adams Arcade, na upande wa pili miti ya Muthangari ikiwa imejifunika ukungu wa asubuhi. Katikati zilipita kamba za nguo za nyumba zote, na kwenye kona yalisimama matangi meusi ya maji. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufua, lakini masika hayaheshimu ratiba ya mtu. Wakati wa likizo ya Aprili, mvua ilipokatika kidogo tu, akina mama wote walipanda na mabeseni yao. Sisi watoto tulingoja waanike, washuke, kisha paa liwe letu. Hatukujali suruali wala soksi. Tulitaka mashuka, kwa sababu mashuka ndiyo yaliyokuwa kuta za nchi yetu.

Nchi hiyo aliileta Mutheu, binti wa ghorofa ya chini, ambaye baba yake alikuwa amehamishiwa kazi Nairobi kutoka Machakos. Alituzidi umri na alikuwa na sauti ya kutangaza mazishi hata alipokuwa anaomba chumvi. Yeye alisimulia, nasi tukawa watu ndani ya masimulizi yake. Kila mmoja alikuja na shati kuukuu la baba yake, akapewa konzi ya vibanio vya nguo sawa na mwenzake, na vibanio hivyo ndivyo vilivyokuwa vipawa vyake. Ukibana kwenye mkono wa shati, ni nguvu. Kwenye pindo, ni mbio. Mfukoni, ni ujanja. Kwenye kola, ni maneno, yaani uwezo wa kumshawishi adui. Hatari ilipokuja ulirusha dadu ya ludo, ukajumlisha na vibanio vya mahali palipohusika, na ukifikia idadi aliyoitaja Mutheu, umepona. Jioni mashati yalilala kwake, vibanio vikiwa mahali pake, kwa kuwa sheria ilikuwa moja: kibanio kikishabana, hakihami. Na aliyekufa hakwenda nyumbani. Alikuwa ukuta, akishika pindo la shuka lisipeperuke, hadi shule zifunguliwe. Kevo, mdogo wake rafiki yetu Brayo, alikufa siku ya kwanza kabisa, na hakuacha kutoa ushauri.

"Ukuta hauongei, Kevo," Mutheu alimwambia kila siku.

"Lakini ukuta unaona," Kevo alijibu.

Lazima nikiri nilivyokuwa mimi, Shiru. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Madaftari yangu ya shule yalikuwa na matundu, kwa maana niliifuta herufi iliyopinda mpaka karatasi ikatoboka, kisha nikalia kwa sababu ya tundu. Darasani nilijua majibu na sikuyasema, nikiogopa kwamba lingetoka neno lisilo kamili. Kwa hiyo wakati wenzangu walipobana vibanio vyao kwa dakika moja wakicheka, mimi nilikaa kando ya tangi mchana mzima nikibana na kubandua. Nilitaka mtu asiye na upungufu. Mwishowe nilivigawa sawasawa, kila mahali kiasi kilekile, nikajiona nimeshinda hata kabla ya kuanza. Mtaka yote hukosa yote. Sikuwa na nguvu za kuvunja mlango, wala mbio za kuukimbia moto, wala ujanja wa kufungua kufuli. Niliishi kwa kujificha nyuma ya Brayo, ambaye alibana karibu kila kitu mkononi, na ambaye hakuchoka kunikumbusha.

Kisa chenyewe kilihusu maji. Jitu lilikuwa limeingia ndani ya tangi na kuyafungia, na mji mzima ulikuwa unakauka. Tulifika kwake wiki ya mwisho ya likizo. Brayo akatangulia, akarusha dadu kwa mbwembwe, akajumlisha nguvu zake zote, na Mutheu akatikisa kichwa. Jitu lilimrusha kama ganda la ndizi. Nguvu zake zilimwezesha kunusurika, lakini maji hayakutoka. "Hili halipigwi," Mutheu alisema. "Hili linaongeleshwa." Kila mmoja alikuwa na jaribio moja, na la kesho asubuhi lilikuwa langu. Kola yangu ilikuwa na vibanio vya kuhesabika kwa macho. Hata dadu ikitoa sita, nisingefika. Jioni ile niliiacha chapati sahanini, na Mama akanipima homa kwa kiganja. Sikuweza kumweleza kwamba kesho yake ningekuwa ukuta, na kwamba mji ungekufa kwa kiu kwa sababu ya jinsi nilivyobana vibanio.

Asubuhi nilisimama mbele yao, nikaomba kuvihamisha.

"Zii, hapana," Brayo akasema papo hapo. "Mimi nilichagua nguvu nikakaa nayo. Kama Shiru anahama, mimi nilikuwa nachagua nini?"

"Hata mimi basi nifufuke," Kevo akasema.

"Ukuta!" Mutheu akamkemea.

Brayo alikuwa na hoja, na niliijua. Majuto ni mjukuu, tuliambiwa nyumbani, na uchaguzi usio na gharama si uchaguzi. Lakini maneno yalinitoka kabla sijayakagua. Nilimwambia Brayo kwamba mwaka uliopita alikuwa akipanda juu ya gari la watu kila alipomwona mbwa wa bawabu, na sasa anamlisha mkate kwa mkono; nani alimkataza kuhama? Nilisema nilichagua kabla sijaijua nchi, na kwamba mtu hujijua akiwa njiani, si akiwa amekaa kando ya tangi. Nilisema sitaki bure. Nikivitoa mkononi na kwenye pindo, basi viondoke kweli, mtu akinisukuma nianguke, moto ukija uniunguze. Nilitamka vibaya maneno mawili au matatu, na sikurudi nyuma kuyafuta.

Mutheu aliwageukia wengine. "Tangu tuanze mchezo huu," akauliza, "kuna aliyewahi kumsikia huyu akiongea hivyo?" Kevo akatikisa kichwa. Akanisogelea, akabandua vibanio vya mkononi, akabandua vya pindo, akavibana kimoja kimoja kwenye kola yangu mpaka ikasimama kama ukosi wa chifu. "Kibanio kinafuata kazi iliyofanyika," akasema. "Hiyo ndiyo sheria mpya. Brayo?"

Brayo alikuna shingo. "Sawa. Lakini mimi ndiye nitamsukuma."

Nilirusha dadu. Ikaja tatu, na tatu ilitosha. Mutheu hakuniachia hapo. Alitaka nilisemeshe jitu kwa sauti, nami nikalisemesha, nikigonga tangi kwa ngumi, mpaka akatangaza kwamba maji yametoka. Na kweli, mvua iliyokuwa imejikusanya juu ya Milima ya Ngong ikatuangukia yote kwa pamoja. Kevo akainua mikono akaliachia shuka, na shuka la mama yake likalala sakafuni kwenye tope jembamba. Tulianua nguo za ghorofa nzima tukipiga vigelegele, na nikateremka ngazi nimelowa, kola imejaa vibanio, Mama akiuliza kwa nini nacheka peke yangu.

Leo natengeneza michezo ya simu, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima. Ofisi yetu iko Kilimani hiyohiyo, lakini maghorofa yamekuwa marefu, mapaa yamekuwa ya minara ya mawasiliano, na nguo hukaukia ndani. Watoto hucheza kila mmoja na kioo chake cha simu. Mchezo wangu wa kwanza ulipokaribia kutoka, lilibaki swali moja: je, mchezaji aruhusiwe kuvihamisha vipawa vya mhusika wake? Watu hubishana juu ya jambo hili kwa hasira mitandaoni, nami niliandika sheria, nikaifuta, nikaiandika tena, maana bado mimi ni yule mtoto wa kufuta. Kisha nikaandika ile ya paani. Ruhusa ipo, lakini kwanza ujaribu kazi mpya bila kipawa, mbele ya wote, na cha zamani ukiache kweli. Sijaigusa tena.

Mchezo ulipotoka, Brayo, ambaye siku hizi anauza bima Westlands, aliucheza wikendi nzima, kisha akaniandikia: "Nimehamisha nguvu zote kwenye maneno. Tafadhali, usimwambie Kevo." Nilimjibu kwamba Kevo ndiye anayenijaribia michezo yangu, kwamba ukuta ameketi kando yangu, na kwamba ameona.