Tone Juu ya Ukucha

Wiki jana nilikuwa Malaba, kwenye foleni ya malori, nikihangaika na karatasi za mizigo ya watu. Mimi ni wakala wa forodha, na kazi hii haikupi nafasi ya kukaa chini. Mama mmoja akanisimamisha na chupa ya kitu chekundu, kizito. "Madam, onja kwanza. Hii ni ya maua, unachanganya tu na maji." Nikaonja huku nimeshaanza kuondoka. Ndugu yangu, nilirudi. Ule uchachu na utamu kwa pamoja sikuwa nimeuonja tangu nyanya yangu afariki.

Tulimwita kukhu, kama watoto wengi wa Kiluhya wanavyowaita nyanya zao. Nyumba yake ilikuwa Burumba, karibu na mpaka, na kando ya ua alipanda rozela. Maua yakishanyauka, kile kikombe chekundu kinachobaki ndicho tulichokitafuta. Kazi yangu ilikuwa kukibandua kwenye mbegu mpaka vidole viwe vyeusi. Kukhu alichemsha, akachuja kwa kipande cha leso kuukuu, akatia sukari ya ng'ambo na ndimu, kisha akarudisha sufuria kwenye moto mdogo itokote polepole mpaka iwe shira nzito. Mimi polepole sikuiweza. Nakoroga kidogo, nakimbia barabarani, narudi, nakimbia tena. "Wewe mtoto umemeza pia ya kuchezea?" alikuwa akiniuliza.

Lakini alijua ninachokimbilia. Mama yangu alichuuza vitenge kutoka Uganda. Mwanzoni alivuka asubuhi akarudi jioni, baadaye akawa anarudi wikendi, kisha tukawa hatujui. Kila lori lililopiga honi nilidhani limempa lifti. Kukhu alisema subira huvuta heri, nami moyoni nikajibu kwamba basi hiyo heri ni nzito kweli.

Kujua kama shira imeiva, alinishika kifundo cha mkono, akachota kidogo kwa mwiko, akapuliza, akaangusha tone moja kwenye ukucha wangu wa gumba. Likikaa, imeiva. Likikimbia, bado. Nikitikisika kidogo tu, kipimo kimeharibika, kwa hiyo nilisimama hata kupumua naogopa. Ni wakati huo tu miguu yangu ilitulia. Niliupenda mkono ule kuliko shira yenyewe.

Alasiri moja mama akaja, sufuria ikiwa motoni. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba begani. Kukhu hakumuuliza alikokuwa. Alisema tu, "Ngoja iive, ubebe chupa yako." Mama akasema lori linamngoja barabarani. Kukhu akamshika kifundo cha mkono vilevile alivyonishika mimi, akampulizia tone, akaliweka juu ya ukucha wake. Nakuambia, mama alitulia. Nilimwona akiwa mtoto wa mtu, macho kwenye kidole, na tone limesimama pale, jekundu. Niliomba Mungu lisikimbie kamwe.

Honi ikalia. Mama akaurudisha mkono wake, tone likateremka hadi kiganjani, akalilamba akicheka. "Mama, nitakuja wiki ijayo," alisema. Nilimfuata hadi barabarani, na lori likaondoka. Niliporudi kukhu alikuwa ameshajaza chupa, akaiweka juu ya kabati. Tulisikia baadaye kwamba mama ameanza maisha mengine ng'ambo. Chupa ilikaa mpaka rangi ikawa ya kahawia. Msimu uliofuata kukhu aliimwaga, akaiosha, akaijaza tena. Nilipoanza kazi hii ya mpakani, juu ya kabati zikawa chupa mbili, ya mama na yangu. Nikienda kwake nilikuwa na haraka, nikisema nitakuja wiki ijayo.

Sasa ua ule umekuwa maegesho ya malori. Rozela hakuna, kabati sijui lilienda wapi, na inaniuma kwamba hakuna nyumba tena inayoniwekea chupa.

Nilinunua ile chupa ya yule mama wa Malaba. Nikasimama kati ya malori mawili, nikajiangushia tone kwenye ukucha. Nikageuka kutazama foleni, likakimbia. Nikajaribu tena, safari hii nikijishika kifundo kwa mkono wa pili.

"Madam, gari yetu ndio inafuata," taniboi, yule msaidizi wa dereva, akaniita, na simu ikaanza kulia mfukoni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Nikaiacha ilie.