Mwamuzi Wilhelmina na Matusi ya Ng'ambo

Wilhelmina Machibya anafundisha hisabati katika shule ya msingi huku Buswelu, na mwisho wa wiki anachezesha mpira. Mimi ni mwamuzi msaidizi wake kwa mwaka wa sita sasa. Nimeshika kibendera katika mechi zake nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka juzi, kwenye fainali moja, alitoa penalti dakika ya themanini na nane, na timu ya Mirongo ikafungwa. Watu walizomea, wakaenda zao. Siku mbili baadaye ukafunguliwa ukurasa wa Facebook wenye picha yake. Kwanza uliandika kwamba hajui sheria za mpira. Kisha ukaandika kwamba alilala na kocha wa washindi. Mwishowe ikawekwa picha ya mwanamke uchi aliyebandikwa sura yake, na chini jina la shule yake.

Wazazi wa wanafunzi waliiona. Mama yake aliiona huko Magu, kwenye simu ya jirani.

Nilimwambia tufungue ukurasa wetu, tumtukane mtu huyo mpaka akome.

"Nestory, nikimtukana na mimi nitakuwa nimevunja sheria ileile," alinijibu.

Badala yake alichapa kwenye karatasi kila kilichoandikwa pamoja na tarehe yake, akapanga kwenye faili. Mwenye ukurasa hakuwa mgumu kumjua, maana siku moja alijirekodi akiongea, akaiweka video hapo, na watu wa Mirongo wakamtambua. Alikuwa Jonathan Masalu, mzaliwa wa Mirongo, anayeishi Ujerumani. Kituoni polisi alichukua maelezo vizuri.

"Kosa lipo, mwalimu," alisema. "Lakini mtu mwenyewe hayupo nchini. Kumfikia itachukua muda mrefu."

Tukaenda Nyamagana kwa wakili Akinyi, ambaye husaidia wanawake. Akasoma faili lote, kisha akauliza, "Huko anakoishi hakuna sheria?"

Hatukuwa tumewaza hilo. Akinyi alifuatilia, akakuta kwamba huko nako kumtukana mtu ni kosa, ila malalamiko yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu umjue aliyekutukana. Sisi tulikuwa tumeshatumia wiki sita.

Wakati wa kuandaa barua, Wilhelmina alichomoa kurasa zote zilizohusu penalti.

"Hizo nazo zinakuchafua," Akinyi alisema.

"Kusema sijui mpira ni haki yake. Hata Nestory alisema ile penalti ilikuwa nyepesi."

"Nilisema," nikakubali.

"Basi hizo aachiwe. Ninachoshtaki ni uongo na picha."

Sista mmoja aliyesoma Ujerumani alitafsiri malalamiko, tukayatuma kwa polisi wa huko kabla ya miezi mitatu kwisha. Miezi ikapita bila jibu. Wilhelmina aliendelea kuchezesha. Kuna uwanja ambapo mashabiki walimwimbia maneno ya ule ukurasa dakika zote tisini, na hakuna uamuzi hata mmoja uliomponyoka. Nilikuwa pembeni nikitazama, na sijawahi kujivunia kazi yetu kama siku ile.

Mwezi wa kumi na moja barua ikaja. Jonathan alikuwa amepigwa faini na mahakama ya huko, na ukurasa ulikuwa umefutwa. Wiki iliyofuata alimpigia Wilhelmina kuomba radhi, nami nilikuwepo.

"Sikudhani ungenifikia huku," alisema. "Ulifanyaje?"

"Niliandika barua," Wilhelmina akamwambia. Akapokea radhi yake, akakata simu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Mwezi huo mama yake alikuja kutoka Magu, akaomba kupelekwa uwanjani. Hakuwa amewahi kumwona bintiye akichezesha. Nilimwamkia shikamoo, nikamtafutia kiti, lakini hakukaa. Alisimama karibu na mstari wangu, na kila aliyepita alimwambia, "Yule mwenye kipenga ni mwanangu."

Kwa kumsikiliza, nilipitwa na ofsaidi moja. Wilhelmina aliiona mwenyewe, akapuliza.