Lenzi ya Mbali

Baba yangu alikuwa na picha moja tu ya uso wake, ile ya kadi ya mpiga kura, na aliichukia. Alisema amekaa humo kama mwizi aliyekamatwa. Tulikuwa tukimcheka, mpaka tulipokwenda kwenye matanga ya rafiki yake, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi kule Yangambi, kwenye vitalu vya miti vya kituo cha utafiti. Familia ilikuwa imekuza picha ya simu na kuiweka mezani mbele ya jeneza. Uso ulikuwa umekatika miraba miraba kama sakafu ya vigae. Wageni waliinama, wakaulizana kwa sauti ya chini, "Iko nani?"

Baba alirudi nyumbani Kabondo amenuna. Akaniambia, "Wewe unasemaka kila siku unataka kamera. Bon, ukinunua, kazi ya kwanza iko mimi. Sitaki batu baulize iko nani."

Kweli nilikuwa ninaitaka. Ninafundisha biolojia, na nilikuwa nimechoka kuchora ndege ubaoni kwa chaki huku wanafunzi wakisema kasuku wangu ni kuku. Nilitaka kupanda pirogi, niteremke na mto hadi Yanonge na Isangi, nirudi na ndege wenyewe. Ugonjwa huo aliniambukiza baba mwenyewe. Nilipokuwa mdogo alinipeleka ukingoni mwa mto kule Yangambi, akanishika kidevu na kunigeuza kichwa polepole hadi nimwone mdiria, ndege mvua samaki, kwenye kijiti chake. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba na hakufika tena hata barabarani. Nilijiambia nitamletea mdiria kitandani.

Muuzaji wa vitu vilivyotumika alikuwa na kamera mbili. Moja ilikuwa ndogo, lenzi fupi, imekwaruzwa pembeni, mbaya kuitazama. Nyingine ilikuwa nzito, na lenzi yake ndefu kama chupa ya maji. Niliielekeza ng'ambo ya barabara, nikahesabu vifungo vya shati la mtu aliyekuwa akijaza upepo tairi la baiskeli. Nikaipenda pale pale.

"Mama mwalimu," muuzaji akasema, "hii iko ya mbali tu. Kama unataka batu, beba ile ndogo."

Nilimwona kama mtu anayetaka kuniachia takataka yake. Nyumbani baba aliipima mkononi, akauliza, "Na mimi, itaniona?" Nikacheka. "Papa, inaona ndege ng'ambo ya mto, itashindwa kukuona wewe?" Naye akacheka. Hatukuwa wajinga, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumiliki kitu cha namna ile.

Mdiria nilimpata karibu na Yanonge, kifua chake chekundu, tone la maji likining'inia mdomoni. Baba alikishika kile kioo kidogo cha kamera karibu na macho. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku nyingi za maisha yangu. Kisha akanirudishia. "Sasa mimi."

Mama akakataa. "Utapiga mutu na mifupa hivi? Batamuona kesho, batasema tulimunyima chakula. Angoja anone kwanza." Na mimi nilikubali, kwa sababu nami nilimtaka mwenye mashavu. Kwetu picha ya mtu ni ya siku zake nzuri. Basi tukamlisha samaki, tukamlisha sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta mengi, tukangoja mashavu. Mashavu hayakuja.

Siku moja alituita mwenyewe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, limemning'inia mabegani. "Leo. Hivi hivi." Chumba chake kilitosha kitanda na kiti tu. Niliinua kamera, lenzi ikanguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, haikushika kitu. Nikaegemea ukuta hadi mgongo ukauma. Ukungu mtupu. Nikatoka hadi uani, nikapiga kupitia mlango ulio wazi, nikapata giza na kifungo kimoja cha koti. Kaka yangu akatoa simu yake, baba akaufunika uso kwa kiganja.

Nikasema tumtoe nje na kitanda chake, uani kuna mwanga na nafasi. Kaka zangu walikuwa wameshaanza kukinyanyua pale mama aliposimama mlangoni, mikono imeshika huku na huku.

"Mutu anatokaka na kitanda mara moja tu," alisema. "Mukimutosha inje leo, majirani bataanza kulia."

Nilimpigia mama kelele, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nilimwambia ni mambo ya ushamba. Hakusogea. Baba ndiye aliyetunyamazisha. "Muache. Nitatoka na miguu yangu, nikipata nguvu kidogo."

Hakupata. Wiki hiyo hiyo, jua likiwa kali, kaka zangu walimtoa kwenye mlango ule ule, juu ya kitanda kile kile, na majirani wakaanza kulia. Walimweka katikati ya ua. Mama akaja niliposimama, kwenye uzio, akanivalisha kamera shingoni.

"Sasa iko inje," alisema. "Piga."

Nilimchukia, na nilimhurumia, vyote pamoja. Lenzi ilishika mara moja. Kila udevu wake ulionekana, na alama ya mto wa kulalia shavuni. Ni picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga.

Lakini hakuna anayeweka mezani uso uliofumba macho. Tulipeleka kadi ya mpiga kura ikakuzwe, ikarudi na miraba yake. Jioni, wakati wa nyimbo, msichana mmoja wa kwaya aliinama mbele ya meza, akatazama, kisha akanigeukia kwa heshima.

"Samahani, dada. Iko nani?"

Kamera ilikuwa bado shingoni mwangu. Nikamwambia, "Iko papa."