Siku Niliyokwepa Pakingi Nikambeba Bibi Harusi wa Watu

Chekeni tu, na msijifanye mnakohoa, maana hata mimi nikikumbuka naziba uso kwa kiganja, na hadi leo nikifika karibu na lile kanisa la mjini navuka barabara.

Ilikuwa Jumamosi, miaka ya tisini, nikiishi Ziwani kwa mjomba. Mama yake Mwende, mchumba wangu, alikuwa ametoka Kitui kuja kuniona kama nafaa kupewa binti, ila kwanza alitaka apitie mjini anunue sufuria kubwa ya shughuli. Basi nikaazima gari la mjomba, nikaliosha, nikalipaka nta mpaka nzi akitua anateleza (mjomba mwenyewe hakulitambua). Pesa zangu zilitosha pakingi au soda na sambusa za mama mkwe, si vyote, na niambieni, nani amewahi kumfurahisha mama mkwe kwa tikiti ya pakingi?

Kufika mjini, mtu wa kanjo, wale wa jiji wanaokata tikiti za pakingi, akaanza kunijia na koti lake. Nikatupa macho ng'ambo ya duka, nikaona uwanja wa kanisa umejaa magari ya harusi, bure kabisa! Nikawashusha Mwende na mama yake mlangoni pa duka, nikawaambia, "Ingieni tu, mimi niko hapa hapa," nikakata kona hadi kwenye geti la kanisa.

"Harusi?" bawabu akauliza.

"Upande wa bwana harusi," nikajibu, tena kwa sauti ya mtu aliyechangia ng'ombe.

Akafunga riboni mbele ya gari. Nikajiona mjanja kuliko Nairobi nzima.

Kumbe gari la maharusi limekataa kuwaka. Wakalisukuma, wakalibembeleza, wapi! Shangazi mmoja akaona langu linavyong'aa, akapiga kelele, "Hili! Hili hapa!" Kabla sijafungua mdomo, nyuma wameingia mashangazi wawili na bwana harusi katikati yao, kafunikwa maua haonekani hata sikio, na bibi harusi kaketishwa mbele kando yangu kwa sababu gauni limekataa kuingia nyuma. Ningesema nini? Kwamba nimekuja kukwepa pakingi? Nikaona heri niwafikishe kwenye bustani ya picha, kisha nirudi mbio.

Msafara ukatoka, honi, vigelegele, na barabara (bahati yangu mnaijua) inapita mbele ya lile duka, na Mwende na mama yake ndio hao wamesimama na sufuria.

"Mwende!" mama akapiga ukelele. "Si huyo ni bwana yako, na ameshaoa?"

Jameni, yule mama alishuka barabarani na sufuria yake, akasimama mbele ya gari. "Hupiti! Ngai, hapa hupiti!" Nikafunga breki, nikijua mke nimemkosa. Lakini mashangazi wakadhani ni ile desturi ya akina mama kufunga njia mpaka upande wa bwana utoe kitu, basi wakashuka wakiimba, wakamfunga leso mpya kiunoni, wakamtilia shilingi kwenye sufuria. Yeye anafoka, wao wanashangilia, "Huyu ndiye anajua kufunga njia!"

Bwana harusi akachomoza kichwa kwenye maua. "Kwani huyu dereva ni wa nani?"

Nikakiri yote pale pale. Mwende hakutaka hata kunitazama. Mama yake alinitazama mimi, kisha riboni.

"Yaani moyo wangu usimame kwa sababu ya pakingi?" akasema, halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaikalia sufuria. Tukaenda harusini sote, tukala pilau ya watu.

Mwaka uliofuata nilienda Kitui na ukoo wangu kumchukua Mwende, tukakuta geti limefungwa, kama ilivyo desturi. Tukaimba, tukatoa leso, tukatoa blanketi, halifunguki. Mama mkwe akachungulia, ile leso ya mjini kiunoni, akaninyooshea kiganja mimi peke yangu.

"Blanketi ni za ukoo," akasema. "Wewe, lipa pakingi."

Nililipa, watu wote wakishika mbavu, na tangu hapo nikiingia mjini namwita mtu wa kanjo mwenyewe kabla sijazima injini.